Maswali yenu kuhusu mota na silinda za haidroliki na za hewa

Maswali ya kuagiza mota na silinda kutoka nje yamejaa, mengine yanafanana kabisa kwa hiyo nimeyaunganisha, na nimewapa kipaumbele wale ambao mzigo wao umekwama tayari au uko njiani. Twende.

*Mkuu, invoisi yangu ya silinda za haidroliki imeandikwa injini, namba ya HS (ile ya kupanga bidhaa forodhani) 8412. Wakala wa forodha anasema injini ni 8408 na anataka kubadilisha. Nani yuko sahihi?*

Kaka, muulize wakala swali moja tu, hiyo injini inachoma dizeli? Maana 8408 ni za dizeli, 8407 za petroli, mota za umeme ziko 8501, turbini za stimu 8406, turbini za maji 8410, na injini za jeti pamoja na turbini za gesi 8411. Ile 8412 ndo chumba cha waliobaki, yani kila kinachozalisha nguvu na hakikupata nafasi huko kwingine. Umesema wako ni mzigo wa silinda za haidroliki, yani zinazosukumwa na mafuta, basi hiyo ni 8412.21, za hewa zingekuwa 8412.31, mota za haidroliki za kuzunguka 8412.29, za hewa 8412.39, na spea zake 8412.90. Hata injini za roketi ziko humo humo, 8412.10, ila hizo usiziwaze maana zinabanwa na masharti ya leseni za kusafirisha teknolojia ya makombora, yaliyoanza 1987.

Hizo tarakimu sita ni zilezile dunia nzima kwa nchi zinazotumia mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza 1988, zinazofuata baada ya hapo kila nchi inajiongezea zake. Kwa hiyo namba aliyoandika muuzaji ina maana hata huku kwako, isipokuwa toleo liwe tofauti, sasa hivi linatumika la 2022 na jipya linaanza Januari 2028.

Wengi wanaangukia kwenye pampu. Pampu ya haidroliki na mota ya haidroliki ukiziweka mezani unaweza usizitofautishe, lakini pampu inazungushwa ili isukume mafuta, iko 8413, na mota inasukumwa na mafuta ili izungushe kitu, iko 8412. Valvu 8481. Jeki ya haidroliki ya kunyanyulia gari nayo 8425.42, oringi za mpira 4016.93. Muuzaji akikuandikia vyote kwa mkupuo "spea za haidroliki" mwambie airudie invoisi kabla mzigo haujapanda meli, mstari mmoja kwa kila kitu, baada ya hapo ni malumbano tu na gharama za kukaa bandarini zinakula.

*Mota imefika, fitingi zinaingia vizuri ila tukiwasha inavuja. Muuzaji anadai fundi wetu hajui kukaza.*

Fundi wako msameheni. Pima meno ya tundu la mota na meno ya fitingi, nina hakika moja ni BSP na nyingine NPT, viwango viwili tofauti vya meno ya mabomba. Hizi mbili kwenye saizi ya nusu inchi na robo tatu zote zina meno 14 kwa inchi, ndo maana zinaingiana, unazungusha raundi kadhaa unaona imeshika, lakini pembe ya jino la BSP ni digrii 55 na ya NPT ni 60, halafu ile NPT imechongwa kwa kusinyaa. Bila presha huoni kitu. Mafuta yakija kwa bar 150 yanatafuta ile nafasi na yanaipata. Na tafadhali msifungie tepu nyeupe nyingi mkakaza kwa bomba refu, mtapasua mdomo wa mota na hapo warranti imekwenda.

Ukiwa na kalipa mkononi pima na shafti. Kuna za milimita 25 na kuna za inchi moja, ambayo ni 25.4. Tofauti ni 0.4 tu, kwenye picha ya simu hamna atakayeiona, ila kaplingi ya 25 haiingii kwenye shafti ya 25.4, na ya 25.4 ukiivisha kwenye 25 itacheza na itatafuna ufunguo wa shafti taratibu mpaka siku mashine inasimama katikati ya kazi. Ukiagiza tena taja cc kwa mzunguko (ujazo wa mafuta mota inayotumia kila ikizunguka mara moja), kipenyo cha shafti, aina ya meno, mashimo ya flanji, presha ya kazi, na tuma picha ya kibati cha namba kilichosuguliwa kikasomeka. Kuandika "kama hii ya zamani" hakusaidii.

*Kwa kunyanyulia mzigo ninunue silinda ya hewa au ya mafuta? Ya hewa ni rahisi.*

Mzigo gani? Silinda ya kipenyo cha milimita 100, hewa ya bar 6, inasukuma kama kilo 480. Hiyohiyo saizi kwa mafuta ya bar 200 ni karibu tani 16. Hewa ni nzuri kwa kazi za haraka na nyepesi, kufunga, kupanga, kusukuma maboksi. Halafu hewa hubanika, kwa hiyo ukitaka mzigo usimame katikati ya safari na utulie hapo, nenda na mafuta.

*Nilinunua CIF, silinda zimefika rodi zina kutu ya maji ya chumvi. Muuzaji anasema haimhusu, wakati bima alikata yeye!*

Pole sana dada, hapa wanaumia wengi. Kwenye Incoterms 2020, yani masharti ya kimataifa ya kuuziana mizigo, CIF maana yake muuzaji analipa nauli na bima, ila hatari inahamia kwako mzigo ukishapanda meli kule kule ulikotoka. Na bima anayolazimika kukata ni ya kiwango cha chini, masharti C, yanayolipa mambo makubwa kama moto, meli kuzama au kugongana. Maji ya bahari kuingia kwenye kontena hayamo. Omba cheti cha bima usome herufi, ikiwa ni A, yale masharti mapana zaidi, bado una nafasi nzuri, peleka madai leo na picha za kontena kama ulipiga.

Safari ijayo nunua CIP, ambayo nayo muuzaji analipa nauli na bima, toleo la 2020 linamlazimisha muuzaji akate masharti A, na kwa mzigo wa kontena CIP inafaa zaidi hata bila hilo la bima. Na hizo rodi usizisugue kwa msasa ukazifunga, kromu ikishatoboka vile vishimo vinakata sili kila rodi inapoingia na kutoka.

*Nimeagiza mota ya Eaton imekuja imeandikwa Danfoss. Nimepigwa?*

Hapana. Danfoss wa Denmark walinunua biashara ya haidroliki ya Eaton mwaka 2021 kwa dola bilioni 3.3, kwa hiyo kibati kimebadilika. Soko hili lina wakubwa wachache, Bosch Rexroth wa Ujerumani, Parker Hannifin wa Marekani, Kawasaki na KYB wa Japani, kwenye hewa Festo na SMC, na China wapo Hengli wanaotengeneza silinda za ekskaveta, kwa hiyo hii tabia ya kusema kila cha China ni feki tuiache. Feki mimi naitafuta kwenye serial namba, waandikie kiwanda wakuthibitishie kabla hujalipa salio.

*Mzigo umekataliwa, wanasema akumuleta ni hatari na kreti haina muhuri.*

Akumuleta, yani chupa ya kutunzia presha ya haidroliki, ikiwa na naitrojeni ndani inaweza kuhesabiwa mzigo hatari, namba ya Umoja wa Mataifa UN 3164, kwa hiyo mwambie muuzaji aitoe gesi na aandike barua kwamba ameitoa, utaijaza ukifika. Kreti ni kanuni ya ISPM 15, ile ya kimataifa ya mbao za kufungashia, mbao zipashwe moto mpaka katikati yake ifike digrii 56 kwa dakika 30 zigongwe muhuri wa HT, yani zimepashwa moto. Kama hana mbao hizo atumie kreti ya plaiwudi, hiyo kanuni haiihusu.