Shoga yako akiwa Omani: umwambie nini, umwachie nini

Kati ya Tanga na Muscat saa zinapishana moja tu. Kwetu ikiwa saa nne usiku, kwao ni saa tano, na hiyo ndiyo saa ambayo shoga yangu alikuwa akimaliza vyombo na kupata nafasi ya kushika simu. Ramadhani hata hiyo haikuwepo, maana futari inaungana na daku na jikoni hakulali mtu. Kwa hiyo anayeagana na rafiki anayekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni huwa namwambia hivi kwanza: usipime mapenzi kwa kumwona yuko hewani halafu hajakujibu. Simu ni yake, saa ya kuishika si yake. Tena simu za WhatsApp kwa muda mrefu zimekuwa hazipiti kule, ndiyo maana watu wetu wengi wamezoea imo, programu nyingine ya kupigiana simu kwa intaneti. Sisi tuliponea kwenye ujumbe wa sauti. Yeye anaongea huku anapiga pasi, mimi nasikiliza kesho yake kwenye daladala.

Umbali tuliumudu. Siri ndizo zilizotutikisa.

Ijumaa anaweka stetasi: yuko Mutrah, huko huko Muscat, kando ya bahari, abaya mpya, miwani. Huku mtaani kila mtu kawa mhasibu. Rial moja ni kama dola 2.6, wanajua. Mshahara ni rial 80, wanajua pia, sijui nani aliwaambia. Wanazidisha, wanageuza shilingi, kisha wanamtumia maombi ya mchango: wa harusi, wa msiba na wa mtoto aliyefaulu. Wasilolijua, na mimi sikulijua, ni kwamba miezi ile hakuwa analipwa, na mwishowe aliondoka kwenye nyumba ile akaenda kujihifadhi kwa wenzake. Zile picha zilikuwa za zamani. Alikuwa akizitoa moja moja.

Nilikuja kuyapata kwa binamu yake, na niliumia. Tumeanza wote darasa la kwanza, leo habari zako nazipata kwa watu? Ila ukitulia ukaitazama hali yenyewe, unamwelewa. Kule kibali cha kuishi kimefungwa kwa kafili, yaani mwajiri aliyekuombea viza. Ukitoka kwake bila ridhaa anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na hapo mwenye kesi ni wewe, hata kama aliyedhulumu mshahara ni yeye. Pasi ya kusafiria mara nyingi ameishika yeye. Mtu aliye katika hali hiyo akiandika "nimeondoka kwa bosi", hajui ujumbe utapigwa skrinshoti na nani na kutua kwenye grupu gani la familia. Na mimi, kwa mapenzi yote, ni mtu wa nyumbani. Likifika kwangu ni nyumba tatu tu kabla halijafika kwa mama yake mwenye presha.

Basi rafiki yako akikwepa swali, usimbane. Mpe njia ya kusema hata kama simu inachunguliwa. Sisi baadaye tulipanga: akiniulizia bei ya nazi, maana yake mambo si mazuri, nimtafute kwa namba ya mwenzake. Akishakwambia, usilipeleke popote asipokutuma. La kutoa nje bila ruhusa ni moja, pale ambapo uhai wake uko hatarini. Tanzania ina ubalozi Muscat, namba yake iwe kwenye simu yako kabla hajapanda ndege, pamoja na nakala ya pasi, nakala ya mkataba na jina la wakala anayempeleka.

Siri iliyokuwa kwangu ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Alipopata kafili mwingine na mshahara ukaanza kutoka, pesa za ujenzi alikuwa anamtumia kaka yake. Kiwanja kiko Pongwe, njiani kwangu. Yeye anarushiwa picha za nyumba iliyofika usawa wa lenta. Mimi ninachokiona pale ni msingi, nondo zimeota kutu, na ndani ya kile kinachoitwa chumba cha mama umemea mchicha pori hadi magotini. Na kiwanda cha saruji kiko hapo hapo Pongwe, jamani.

Watu wazima niliowauliza waliniambia ninyamaze. Atachanganyikiwa, ya ndugu hayaingiliwi, fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo siyadharau. Lakini kila mwezi wa kunyamaza ulikuwa na bei, na anayeilipa ni mtu anayepiga pasi usiku.

Kwanza nilimuuliza: "Nikiona jambo huko kwenye kiwanja chako, unataka nikwambie?" Akasema niambie. Kama angesita ningeishia hapo. Kisha nikapiga video nikitembea kuanzia barabarani, ili auone mwembe na nyumba ya jirani anavyovifahamu, asije akaambiwa ni kiwanja kingine. Juu ya kaka yake sikutia neno. Nilisema tu, leo nimepita, pako hivi. Nikaituma Alhamisi usiku kwa sababu Ijumaa ndiyo alikuwa anapumzika. Habari ya namna hiyo usimpe mtu ambaye alfajiri anatakiwa awe jikoni kwa watu.

Alijibu "Sawa", akanyamaza wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunaanza "vipi mbona kimya" au tunamtumia watu wakamuulize. Mimi nilimwacha na hasira zake, ila kila Ijumaa nilimtumia sauti ya mambo ya kawaida: nani kaposwa, mvua za vuli zimekata barabara, mwanangu kang'oka jino. Aliporudi kuongea alianza na lile jino, la kaka tukalifikia mbele ya safari.

Kuhusu ugonjwa na msiba, muulizeni kabla hajaondoka. Mama akilazwa, aambiwe siku ile ile au akishatoka hospitali? Familia nyingi humwamulia aliye mbali, anakuja kupata habari arubaini imeshapita. Akishakujibu, wewe ndiye shahidi wa jibu lake mbele ya ndugu.

Baada ya yale ya Pongwe aliniomba nipokee mimi pesa za ujenzi. Nilikataa. Aliporudia ombi nikakubali kwa sharti kwamba kila risiti inapigwa picha na kutumwa siku ile ile, hata ya misumari. Kuna wanaoona haya kupeana risiti na rafiki. Mimi naona haya zaidi kuulizwa baada ya mwaka mifuko ya saruji ilikwenda wapi nikaanza kukuna kichwa.

Na ujue utapoteza nini. Kaka mtu hanisalimii mpaka leo. Mama yake ananiitikia, ila hanikaribishi ndani kama zamani, na ilipofika shughuli ya mdogo wao, kadi nililetewa kwa agizo la shoga kutoka Muscat, si la wenye nyumba. Mimi nayaweza, kwa kuwa siwategemei kwa lolote. Lakini kama umepanga kwao, au mmoja wao ndiye aliyekutafutia kazi, tafuta mtu mwingine wa kwenda kupiga hiyo video.