Jibu kwa mleta uzi: kwa nini singo ya vijana wa sekondari wa 1966 inauzwa bei ya pikipiki, na uanze na mkusanyiko upi wa roki ya gereji

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini singo, yaani santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, ya vijana wa sekondari wa Marekani, walioirekodi 1966 na kuiuza kwenye dansi ya shule yao, leo inafika bei ya pikipiki mpya. La pili, umekutana na majina ya albamu za mkusanyiko wa roki ya gereji kama Nuggets, Pebbles na Back from the Grave na hujui uanze na lipi.

Naishi Columbus, jimbo la Ohio, na wikendi nafanya kazi kwenye duka la santuri za mitumba. Kazi yangu ni kuosha singo, kuzisikiliza pande zote mbili na kuzipanga kwa hali yake kabla hazijawekewa bei. Kwa hiyo haya nayatoa kwenye maboksi, na kwa wateja wanaofika kuyapekua hata kabla hatujamaliza kufungua mlango.

Swali la kwanza jibu lake ni kwamba bei imepandishwa na hizohizo albamu za mkusanyiko. Bila hizo, singo zenyewe zingebaki takataka za stoo, na kwa muda mrefu zilikuwa hivyo kweli.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walitokea kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na watu wapatao milioni 73 wakawatazama. Baada ya hapo kila mtaa ukataka bendi yake. Gita liliagizwa kwa katalogi ya maduka ya Sears, la chapa ya Silvertone, na kulikuwa na aina moja ambayo amplifaya na spika vimo ndani ya sanduku la kulibebea. Mazoezi yalifanyika kwenye gereji ya nyumbani, ile ya kulaza gari, kwa sababu sebuleni mama hataki kelele. Walipiga nyimbo za Rolling Stones na Kinks, na lazima Louie Louie, maana mtu aliyejifunza gita wiki iliyopita anaweza kuimudu.

Kurekodi hakukuwa kugumu kama unavyodhani. Hapa Ohio palikuwa na kiwanda cha Rite, mjini Cincinnati. Unawatumia utepe na hela, wanakuchapia santuri zako kwa lebo, yaani kampuni ya santuri, yenye jina lolote utakalobuni. RCA nao walikuwa na idara ya kuchapia wateja wa nje. Ndiyo maana utakuta lebo iliyotoa singo moja tu tangu izaliwe. Ukifuatilia, mwenye lebo ni baba wa mpiga besi. Zilichapwa 500 hivi, pengine 1,000. Chache zilipelekwa redio ya mjini kwa matumaini, nyingine zikauzwa mlangoni kwenye dansi, zilizobaki zikaingia chini ya kitanda. Kisha mmoja anakwenda chuo, mwingine anapata barua ya kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na habari ya bendi inaishia hapo.

Wapo waliopenya. ? and the Mysterians, vijana wa Michigan waliotoka familia za vibarua wa mashambani wenye asili ya Mexico, walifika namba 1 Marekani nzima mwaka 1966 kwa 96 Tears, wimbo ulioanzia kwenye lebo ndogo iitwayo Pa-Go-Go. Human Beinz wa Youngstown, hapahapa Ohio, walifika namba 8 mwaka 1968. Lakini hao ni wa kuhesabu.

Sasa njoo 1972. Jac Holzman, bosi wa lebo ya Elektra, alimpa kazi ya kukusanya nyimbo Lenny Kaye, mwandishi wa muziki aliyekuwa pia akiuza santuri kwenye duka New York, na ambaye baadaye alipiga gita kwenye bendi ya mwimbaji Patti Smith. Ikatoka Nuggets, yaani vipande vya dhahabu, LP (santuri kubwa) mbili, nyimbo 27. Ukizipitia utaona kwamba kadhaa hazikuwa siri hata kidogo. Psychotic Reaction ya Count Five ilikuwa imefika namba 5 mwaka 1966. Kazi ya Kaye ilikuwa kuzipanga pamoja na kuandika maelezo ya kumshawishi msomaji kwamba vijana hawa, ambao wengi hawakuwahi hata kukutana, walikuwa wakifanya kitu kimoja. Miaka ile yenyewe hakuna kijana aliyesema anapiga roki ya gereji. Alisema anapiga muziki basi. Lebo ya Sire iliitoa tena albamu hiyo 1976, wakati New York na London zinaanza kuchemka kwa punk, roki ya fujo na hasira, na hapo ndipo ilipopata wasikilizaji wa kuielewa.

Kaye aliokota dhahabu. Aliyemfuata akaokota kokoto, na kwangu mimi huyo ndiye mwenye hadithi tamu zaidi. Greg Shaw wa California, aliyekuwa akichapa jarida la Bomp, alianza kutoa mfululizo wa Pebbles, yaani kokoto, mwishoni mwa miaka ya 70. Humu ndimu zilimoingia singo za watu wasiojulikana kabisa. Lebo iliandikwa BFD Records, na anwani yake eti Kookaburra, Australia. Kookaburra ni ndege, mkuu.

Kwa nini anwani ya uongo? Sheria ya hakimiliki ya shirikisho kule Marekani ilianza kulinda rekodi za sauti zilizotengenezwa kuanzia tarehe 15 Februari 1972 tu. Za kabla ya hapo ziliachiwa sheria za majimbo, kila jimbo na lake. Utunzi wa wimbo ulikuwa na ulinzi wake, lakini ile sauti iliyochapwa kwenye santuri ilikuwa kwenye giza la kisheria. Lebo zilishakufa, mikataba haionekani, mwimbaji amekuwa fundi bomba na hajui kwamba kuna mtu Ufaransa anamsikiliza. Mwenye singo akawa ndiye mwenye wimbo. Mwanya huo uliendelea kuwapo hadi 2018, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mpya ya muziki iliyoziingiza rekodi hizo za zamani kwenye ulinzi wa shirikisho. Kwa hiyo umri wote wa dhahabu wa mikusanyiko hii umepita ndani ya mwanya huo. Watu wa hapa dukani hawapendi niliseme hili kwa sauti, lakini sehemu kubwa ya tunachokisifia ilitolewa bila mwanamuziki kupata hata senti.

Tim Warren na lebo yake ya Crypt ndiye anayepewa heshima kwa upande huo wa kuwajali wanamuziki. Back from the Grave namba 1 ilitoka 1983, jalada lina katuni za wafu waliofufuka, na ndani kuna simulizi za bendi zenyewe, maana jamaa alikuwa akiwatafuta wanabendi. Alarm Clocks wa Parma, kitongoji cha Cleveland, walitoa singo moja mwaka 1966 wakiwa vijana wa shule. Mfululizo ule ukawafikisha kwenye masikio ya dunia, na mwaka 2006 wakakutana tena kupiga muziki, wazee wenye wajukuu.

Hapo ndipo bei inapozaliwa. Wimbo ukiingia kwenye mkusanyiko unapata jina, watu mia kadhaa duniani wanautaka ule wa awali, na nakala zilizobaki ni thelathini au arobaini. Dukani kwetu mteja wa aina hii humjui kwa mavazi. Anakuja na kimashine cha mkononi cha kuchezea santuri, anachuchumaa kwenye boksi la chini kabisa, lile la dola moja, na wala hatazami Beatles. Na kuna kundi la juu zaidi yake: hao wanatafuta singo ambayo bado haijaingia kwenye mkusanyiko wowote. Mmoja aliwahi kushika singo mkononi, akasikiliza sekunde kumi, akaniuliza kama kuna mtu mwingine ameshaisikia. Nilipomwambia ndiyo, niliona kabisa uso umemshuka.

Jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote ni hili. Kazi yangu inanilazimisha kusikiliza pande zote mbili. Upande mmoja una kijana anapiga kelele, gita lina mkwaruzo, ngoma zinakimbia kuliko bendi. Geuza: wimbo wa taratibu wa mapenzi, sauti tatu zinaitikiana, kijana analia kwamba Susan kamwacha. Mara nyingi mno ni hivyo. Vijana hawa walipiga dansi za shule, na kwenye dansi ya shule lazima kuwe na nyimbo za kushikana. Lakini wakusanyaji wa miaka ya 70 na 80 walikuwa watu wa punk. Walichukua upande wa hasira, upande wa machozi wakauacha. Pleasure Seekers wa Detroit, bendi ya wasichana alimokuwamo Suzi Quatro, upande wa mbele wa singo yao ni Never Thought You'd Leave Me, mtu kaachwa. Wakusanyaji wanaililia ile ya nyuma, What a Way to Die, ambayo binti anaimba habari za bia.

Mfano mzuri zaidi ni Thee Midniters wa East Los Angeles. Ukiwajulia kwenye mikusanyiko utawajua kwa Jump, Jive and Harmonize, moto mtupu. Waulize Wamarekani wenye asili ya Mexico waliokua mitaa ile, watakutajia Sad Girl na That's All, nyimbo za kubembeleza. Hizo ndizo zilipendwa zao. Watu wawili wanaipenda bendi moja na hawajawahi kusikia bendi moja.

Na usidhani haya ni ya huko tu. Wasakaji walewale, wengine kwa miguu yao wenyewe, walihamia Afrika miaka ya 2000. Zamrock, yaani roki ya Zambia, ya bendi za WITCH na Amanaz na wenzao, imerudi sokoni kupitia lebo ya Now-Again, na mkusanyiko wao wa Welcome to Zamrock! ulitoka 2017. Lebo ya Soundway, ya London, ikatoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013. Nazipenda zote mbili na ninazo. Ila mpe mzee aliyecheza dansi Nairobi mwaka 1975 hiyo Kenya Special, uone ni nyimbo ngapi atakazozitambua. Kigezo cha kuchagua ni kilekile cha Ohio: iwe nadra, iwe na mdundo wa funk au gita lenye mkwaruzo, isikike ngeni kwenye sikio la London. Iliyopigwa redioni kila Jumapili hadi ikachosha haina nafasi. Sisemi ni dhambi. Nasema ukisikiliza mkusanyiko wowote, jua unasikiliza masikio ya mtu aliyekusanya.

Haya, manunuzi. Anza na Nuggets, ile ya lebo ya Rhino ya 1998, CD nne, nyimbo 118. Ndani kuna zile 27 za Kaye na nyingine lukuki, pamoja na kitabu cha maelezo. Baada ya hapo Back from the Grave namba 1 kwa LP. Pebbles iache ya mwisho, na ukiinunua usishtuke kusikia mikwaruzo: tepu za awali zilishapotea, kwa hiyo walirekodi kutoka kwenye singo yenyewe, pengine iliyochezewa kwenye sherehe ishirini. Nakushauri uukubali mkwaruzo. Kuna CD zilizosafishwa kwa kompyuta mpaka matoazi yamekufa, na hizo ni mbaya kuliko kelele. Kama unapenda eneo kuliko sauti, tafuta Highs in the Mid-Sixties, mfululizo mwingine wa Shaw uliopangwa kwa majimbo. Ohio tumo.

Singo za awali ziache kwanza. Ukishindwa kujizuia, tazama sehemu laini karibu na karatasi ya lebo ya katikati, pale mistari inapoishia. Zilizochapwa na RCA zina herufi ya mwaka: S ni 1965, T ni 1966. Za kiwanda cha Monarch, Los Angeles, zina namba yenye pembetatu, na mara nyingi si vinyl bali ni stairini, plastiki kavu na nyepesi ambayo lebo yake imegundishwa kwa gundi. Ukiletewa ya Monarch ambayo ni vinyl nzito inayong'aa, uliza maswali, maana bandia ni nyingi. Na stairini iliyopigwa na sindano mbovu imeharibika moja kwa moja hata kama kwa macho inang'aa, kwa hiyo usimlipe muuzaji aliyeandika VG+, alama ya hali nzuri sana, kwa kutazama tu. Mwambie akutumie klipu ya sauti, dakika nzima, hasa mwisho wa wimbo, ambako uchakavu husikika zaidi. Akisema hana muda, mwache abaki nayo.