Ukitaka kusimamisha kimeng'enya cha joto, usikichemshe

Mdogo wangu unayeingia maabara hapa Arusha kufanya kazi ya sukari adimu, lishike hili kabla hujashika pipeti. Mimi lilinilia wiki tatu.

Kimeng'enya changu, yaani protini inayoharakisha badiliko la kemikali, kilitoka kwa Thermotoga maritima, bakteria aliyepatikana kwenye mchanga wa bahari wenye joto kali kule Vulcano, Italia. Kinageuza galaktosi kuwa tagatosi, sukari yenye utamu unaokaribia wa sukari ya mezani, ila kalori zake ni kama 1.5 kwa gramu badala ya 4. Galaktosi yenyewe inapatikana kwa kuvunja laktosi iliyomo kwenye yale maji yanayobaki jibini ikishatengenezwa, maji ambayo wengi huyamwaga tu.

Tulipima tagatosi kwa sisteini, kabazoli na asidi ya salfuriki. Ikiwepo, rangi inageuka zambarau. Mwongozo niliopewa ulisema: kila sampuli ichemshe dakika tano ili kazi isimame. Nikafuata neno kwa neno. Tyubu ya dakika sifuri, yaani sampuli iliyochukuliwa kabla kazi haijaanza, ambayo haikupaswa kuwa na tagatosi, ikatoka zambarau iliyokolea. Nikalaumu kemikali, nikaosha vyombo upya, nikarudia. Zambarau ileile.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kimeng'enya hiki hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 90. Kumbe nilikuwa nakirudisha kwao! Tangu hapo tyubu ikitoka kwenye joto naizamisha kwenye barafu papo hapo, kisha naongeza asidi. Baridi inakilaza, asidi inakimaliza.

Joto hilohilo ndilo litakalokurahisishia kukisafisha. Jeni yake tunaiweka ndani ya E. koli, bakteria wa kawaida wa maabara, tunavunja seli, halafu tunapasha mchanganyiko nyuzi 80 kwa dakika ishirini. Protini za E. koli zinaganda mabongemabonge kama maziwa yaliyokatika. Ukizungusha kwenye sentrifuji zinashuka chini, na kimeng'enya chako kinabaki juu kwenye maji yaliyotakata. Mara ya kwanza kuliona nilifurahi sana. Tena joto likipanda, sehemu ya galaktosi inayogeuka tagatosi inaongezeka, na vijidudu vya kawaida havipati nafasi ya kuharibu sharubati ya sukari inayotengenezwa. Usizidishe tu: ukipita nyuzi 80 kwa saa nyingi, hasa pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikiwa juu, sharubati inakuwa ya kahawia na kuisafisha ni gharama.

Angalia na bafa, yaani kimiminika cha kushikilia pH isibadilike. Trisi, moja ya bafa hizo, ukiipima pH kwenye joto la chumbani kisha ukaipeleka nyuzi 90, pH inashuka karibu 2. Ipime ikiwa moto, au tumia bafa nyingine.

Mimi kila siku naanza na tyubu ya dakika sifuri. Isipokuwa na zambarau, ndipo nagusa zilizobaki.