Jibu: Lipu ya simenti kwenye zizi la mawe

Dadangu, umeuliza kama mafundi wapige lipu ya simenti kwenye zizi kuukuu alilorithi mumeo milimani Italia. Tafadhali msikubali! Kuta kongwe za mawe kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa au udongo, na chokaa huruhusu unyevu kutoka, kama kwenye nyumba zetu za mawe hapa Lamu. Simenti huufungia ndani. Kwa baridi ya huko maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, mawe na lipu vikapasuka. Lakini anzeni na paa, maana hubeba theluji nzito. Fundi akague kila boriti, hasa ncha zilizoingia ukutani, ndizo huoza mapema. Kibali ulizeni manispaa ya huko kabla ya kubomoa chochote.