Nani Ameshika Kamera? Majibu kwa Watazamaji wa The Sacrament

Maswali mengi safari hii yanahusu The Sacrament, filamu ya kutisha ya mwaka 2013 iliyoandikwa na kuongozwa na Ti West. Waandishi wa habari watatu, Sam, Jake na Patrick, wanasafiri kwenda kumwona Caroline, dada yake Patrick, aliyehama Marekani na kundi la kidini lililojichimbia msituni. Tunachokitazama ni picha walizopiga wenyewe. Kama bado hujaiona, namwaga mtama kuanzia hapa.

Rafiki yangu anaapa kwamba huu ni mkanda wa kweli uliookotwa baada ya watu kufa. Ni kweli?

Hapana. Wote uliowaona ni waigizaji. Yule kiongozi wanayemwita Baba ni Gene Jones, mzee yuleyule wa kituo cha mafuta anayelazimishwa kuchagua upande wa sarafu katika filamu ya No Country for Old Men. Kinachowachanganya wengi ni jina la VICE, ambayo ni kampuni halisi ya habari, kutumiwa ndani ya hadithi.

Hata hivyo rafiki yako ana sababu ya kushtuka. Kisa kimechotwa Jonestown, nchini Guyana, ambako tarehe 18 Novemba 1978 zaidi ya watu 900 wa Peoples Temple, kundi la mhubiri wa Kimarekani Jim Jones, walikufa kwa siku moja. West amebadili majina, amekileta kisa katika zama zetu na kupunguza sana idadi ya watu. Mfuatano wa mambo ameuacha karibu kama ulivyokuwa. Wageni wanapokewa kwa nyimbo. Usiku kinapenyezwa kikaratasi cha kuomba msaada. Kesho yake baadhi ya wakazi wanataka kuondoka, na hapo ndipo mauti yanapoanza. Hata kikaratasi hakikubuniwa: kule Jonestown mkazi mmoja alimpa Don Harris, mwandishi wa televisheni ya NBC ya Marekani, ombi la kusaidiwa kutoka, na siku iliyofuata Harris akamwonyesha Jones kikaratasi hicho mbele ya kamera.

Kila filamu ya aina hii inaniudhi kwa jambo moja: kwa nini mpiga picha hatupi kamera akakimbia?

Swali hili huulizwa kila mara, na kwa filamu nyingi ni haki kuuliza. Wahusika wake ni vijana waliokwenda kutalii, na hakuna sababu yoyote ya wao kuendelea kurekodi huku wakifukuzwa. West ameliziba tundu hilo mapema: watu wake ni wanahabari, kurekodi ndiyo kazi iliyowapeleka, na wanajua kwamba bila picha hakuna atakayeamini watakachokuja kusimulia.

Lakini jibu zito zaidi liko nje ya filamu. Siku ileile ya mauaji, mbunge wa Marekani Leo Ryan, aliyekuwa amekwenda kuchunguza malalamiko ya ndugu za wakazi, alikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Port Kaituma pamoja na wanahabari na watu waliotaka kuondoka. Watu wenye silaha kutoka Jonestown wakawafyatulia risasi. Bob Brown, mpiga picha wa NBC, hakuacha kurekodi. Aliendelea mpaka alipopigwa risasi akafa. Watu watano waliuawa pale, akiwamo Ryan na Don Harris, na picha za Brown zikabaki. Nimeziona. Hazina umbo, zinayumba, kisha zinakatika. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba mtu wa kweli angetupa kamera.

Nakubaliana nawe kwa kiasi kuhusu dakika za mwisho za The Sacrament. Zipo picha moja mbili ambazo siamini mtu anayekimbia kifo angeweza kuzilenga vizuri namna ile.

Mbona mahojiano na Baba yaliniogopesha kuliko vifo? Hakuna hata tone la damu pale.

Kwa sababu pale ndipo Sam anaposhindwa, na anashindwa mbele ya watu wote. Tazama alivyowekwa. Ameahidiwa mahojiano, kumbe ameketishwa mbele ya umati, usiku, na kila jibu la Baba linapokewa kwa makofi. Mwandishi aliyezoea kumbana mtu faraghani anajikuta yeye ndiye anayehojiwa. Kisha Baba, kwa sauti ya mzee mwenye huruma, anamgusia habari za mke wake mjamzito. Si tishio kwa maneno, maana ukiyaandika kwenye karatasi ni salamu njema tu. Lakini Sam amekwisha kuelewa kwamba anajulikana, na kwamba kwake kunajulikana.

Gene Jones hapaazi sauti wala hatoi macho. Anachekacheka, anavuta pumzi, anasema mambo ambayo nusu yake ungeweza kuyakubali: umaskini, ubaguzi, vita, wazee waliotupwa na watoto wao. Hiyo ndiyo ndoana. Peoples Temple nayo iliwavuta watu kwa mambo mema ya kweli. Wafuasi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi waliochoka kubaguliwa, na ndani ya kundi lile walikaa meza moja na weupe, wakahudumia wazee na wagonjwa. Filamu inayomwonyesha kiongozi kuwa kichaa tangu dakika ya kwanza inatudanganya, kwa kuwa hakuna anayemfuata kichaa msituni.

Kama ni mkanda uliorekodiwa na wahusika, muziki unatoka wapi?

Tunaonyeshwa makala ambayo tayari imehaririwa, yenye maandishi na muziki kama makala yoyote. Binafsi ningeupunguza. Sauti ya vipaza sauti vya kambini ilitosha.

Nilisoma kwamba watu wa Jonestown walijiua kwa hiari. Basi tuwahurumie kwa nini?

Naomba uliache neno "hiari". Miongoni mwa waliokufa, watoto walikuwa zaidi ya 300, karibu theluthi moja ya wote. Wengi wao walitiwa sumu ya sianidi mdomoni kwa bomba la sindano. Mtoto mchanga hana hiari. Watu wazima walizungukwa na walinzi wenye bunduki, pasipoti zao zilikuwa zimechukuliwa, na msitu ulikuwa umewafunga pande zote. Walikuwa wamekwisha kufanyishwa mazoezi ya kifo kile usiku, tena na tena, bila kujua ni lini vikombe vingekuwa na sumu kweli.

Na kuna ushahidi wa sauti. FBI ilipata kanda ya dakika 44 hivi iliyorekodiwa siku ile. Ndani yake anasikika mwanamke mmoja, Christine Miller, akimpinga Jones waziwazi, akisema watoto wana haki ya kuishi. Anajibizana naye kwa heshima na kwa hoja, huku wenzake wakimzomea mpaka akanyamaza. Naye alikufa pale. Hii ndiyo lawama yangu kubwa kwa The Sacrament: ina mama anayetaka kumtoa binti yake, ina watu wanaolia na kukimbia, lakini haina Christine Miller. Anayeitazama bila kujua historia anaweza kuondoka akidhani kundi zima liliinamisha kichwa.

Naweza kuitazama na mwanangu wa miaka 13?

Usifanye hivyo. Watoto wanakufa ndani yake, na kifo cha Patrick mikononi mwa dada yake kinachukua muda mrefu bila kamera kukwepesha jicho.

Nataka kutengeneza filamu ya namna hii kwa simu yangu. Nianzie wapi?

Anza na sauti. Mtazamaji atavumilia picha inayotikisika, ila maneno yasiyosikika hatayavumilia. Halafu amua kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza: nani anashika kamera, kwa nini, na nani aliyeunganisha vipande baadaye. Wale waigizaji watatu wa The Blair Witch Project, filamu ya kutisha ya mwaka 1999, walipewa kamera wapige picha nyingi wenyewe, wakawa wanaachiwa maelekezo ya siku na maneno mengi wakayabuni papo hapo. Ndiyo maana uchovu wao unaaminika.

Kama ni kuhusu dhehebu lililojitenga, onyesha siku zake za kawaida kwa muda wa kutosha: kulima, kupika, kuimba, kubembeleza mtoto. Nami mtazamaji nitamani kidogo kubaki. Kisha niandikie mtu mmoja atakayesimama kupinga mbele ya wote, na usikate picha kabla hajamaliza kusema.