Maswali ya Wasomaji: Kreatinini safi, mkojo unavuja

Swali: Shikamoo daktari. Nina kisukari mwaka wa tisa. Kreatinini yangu ni 82, naambiwa iko sawa, na kijiti cha mkojo hakikuonyesha kitu. Lakini maabara imetoa albumini miligramu 140 kwa gramu ya kreatinini, nikaandikiwa losartani, wakati presha yangu ni 124/78. Figo zinaumwa au haziumwi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Zimeanza kuumia, ila kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, itachelewa kukuambia. Vichujio vikichoka, vilivyobaki hubeba kazi yao, na kipimo cha damu hukaa pazuri kwa muda mrefu. Kijiti cha kawaida nacho hakioni uvujaji mdogo wa albumini, protini ya damu. Amini kipimo cha maabara: chini ya 30 ni kawaida, 30 hadi 300 ni uvujaji wa wastani, zaidi ya hapo ni mkubwa.

Kila kichujio ni kishada cha mishipa midogo sana ya damu, na seli zake hutegemeana. Kwa nje kuna podosaiti, seli zenye vidole vilivyopishana na kuacha nyufa finyu za kupitisha maji. Podosaiti hutoa protini iitwayo VEGF inayovuka utando na kuziweka hai seli za ukuta wa mshipa, zilizo upande wa damu. Katikati ya kishada kuna seli za mesanjia, zinazoshikilia mishipa isitawanyike. Hizi hupokea ishara kutoka kwa seli za ukuta.

Sukari ikikaa juu, seli za ukuta hupungukiwa na naitriki oksaidi, inayolegeza mishipa, na kumwaga endothelini, inayoibana. Endothelini huifikia podosaiti, vidole vyake hulala bapa na albumini hupenya. Podosaiti iliyoumia haitoi tena VEGF kwa kipimo kinachofaa, basi ukuta nao huzidi kudhoofu. Mesanjia kwa upande wake hujaza nyuzi katikati ya kishada, nafasi ya kuchuja ikapungua. Kibaya zaidi, podosaiti ya mtu mzima haigawanyiki kuziba pengo: ikibanduka imekwenda na mkojo, na pale palipobaki wazi hufanyika kovu. Ndiyo maana tunatibu sasa, si kreatinini ikipanda.

Kuhusu losartani: presha ya mkononi na presha ya ndani ya kichujio ni mambo mawili. Dawa hii hulegeza mshipa wa kutolea damu kwenye kichujio, msukumo wa ndani ukashuka. Kwa sababu hiyohiyo kreatinini huweza kupanda kidogo mwanzoni. Pima kreatinini na potasiamu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza. Ikitoka 82 ikafika 95, endelea. Wengi huitupa dawa hapo, na ni kosa. Ongezeko likizidi asilimia 30, au potasiamu ikipanda, rudi kwa daktari wako mapema.

Rudia kipimo cha albumini kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Sampuli 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 hadi 6 zikiwa juu, jibu ni thabiti. Usipime ukiwa na homa, UTI, hedhi, au siku moja baada ya mazoezi mazito. Ukiharisha au kutapika sana, wasiliana na kliniki kuhusu kusitisha losartani kwa muda. Diklofenaki na ibuprofeni ziache. Muulize pia daktari kuhusu dawa za kisukari dapagliflozini au empagliflozini: hizi hubana mshipa wa kuingiza damu, kwa hiyo zinasaidiana vizuri na losartani.

Swali: Mke wangu ana mimba ya wiki 33, presha imepanda na mkojo una protini. Je, ni ugonjwa wa figo? – Msomaji, Tanga

Jibu: Inaelekea ni kifafa cha mimba kinachonyemelea. Kondo la nyuma humwaga protini inayonasa VEGF kwenye damu. Zikikosa VEGF, seli za ukuta wa kichujio huvimba na kuziba. Dawa za saratani zinazozuia VEGF huweza kuleta presha na protini vilevile. Akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au akipata maumivu juu ya tumbo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Losartani haifai kwa mjamzito. Daktari atachagua methaildopa, nifedipini au labetaloli. Mkojo upimwe tena miezi 3 baada ya kujifungua, na protini ikiwa bado ipo, hapo figo zichunguzwe.