Mwanangu, darasa likinyamaza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ukiuliza swali darasa zima linanyamaza, wanaonyoosha mikono ni wale wale watatu, na wa nyuma hata macho hawainui. Unaniuliza: "Mama, ni mimi sijui kufundisha, au hawanipendi?"

Hebu nikuulize na mimi. Ukishauliza, huwa unasubiri muda gani? Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza kanda za vipindi vya sayansi akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu, kisha hurudia swali, humgeukia mwingine, au hujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Najua sekunde 3 ni ndefu mno ukiwa umesimama mbele ya darasa zima. Hesabu moyoni. Swali likiwa gumu, waache kwanza waandike jibu daftarini, wasomeane wawili wawili, ndipo uulize. Aliyekwisha kumwambia jirani yake jibu hatetemeki sana kulisema mbele ya wote.

Lakini kuna jambo linaloniuma hadi leo, nalo sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa pili kazini, msichana mmoja alikuja ubaoni kujumlisha 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5. Wenzake wakacheka, nami nikatabasamu, nikafuta, nikaita mwingine. Hakunyoosha mkono tena mwaka ule wote.

Jibu lake lilikuwa na njia: alijumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani namba za chini. Ningemwuliza tu, "Umefikaje hapo?" angenieleza, na pengine nusu ya darasa wangejiona humo. Kisha ningemwuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Angeona mwenyewe kwamba ameongeza na jibu limepungua. Somo lote la siku ile lilikuwa pale ubaoni, nikalifuta kwa dasta.

Kwa hiyo usiwe na haraka ya kupendwa. Mwanafunzi hukupima siku anapokosea, na wenzake wote hukutazama wakijua zamu yao inakuja. Akichekwa, zima kicheko hicho kabla hujagusa jibu. Ukiwa na la kumkemea, mwite pembeni. Majina yao yajue yote, hasa ya wasiosumbua, maana watundu utawajua bila kujitahidi. Na ukisema madaftari utayarudisha Jumatatu, yarudi Jumatatu.

Yule kijana wa dirishani uliyeniandikia habari zake, anayelala kila kipindi, usimwulize swali la somo kwanza. Msogelee wakati wenzake wanaandika, umwulize kwa sauti ya chini amelala saa ngapi jana. Jibu lake lisikilize hadi mwisho, hata kama kengele imelia.

Anza na darasa moja tu wiki hii, lile linalokutisha zaidi. Halafu uniandikie alivyokujibu kijana huyo.

Nakupenda sana,
Mama yako